Tofali ni Mtungi

Hapa mezani nina ndoo ya maji na tofali moja la kuchoma, kutoka tanuri za huku bondeni. Asubuhi nimelipima kwenye mizani ya duka la nafaka, likawa kilo 3 kamili. Sasa nalizamisha. Nyamazeni kidogo mlisikie. Vipovu hivyo ni hewa iliyokuwa ndani ya tofali ikiyapisha maji. Tuliache humo, tutalitoa baadaye.

Aliyelelewa na bibi anaujua mtungi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi hutoa jasho. Maji hupenya kwenye vitundu vya udongo hadi nje, upepo huyakausha, nayo yanapokauka huondoka na joto. Upake mtungi huo rangi ya mafuta kwa nje uone. Utang'aa vizuri, na maji yake yatakuwa vuguvugu kama ya ndoo ya plastiki. Tofali la kuchoma ni udongo wa ukoo huohuo, limepita kwenye moto wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo leo nikizungumzia cha kupaka ukuta wa matofali kwa nje, msiwaze ukuta. Wazeni mtungi.

Somo hili nililipata kwa aibu. Nina mama mkubwa anayekaa Kihesa, hapa hapa Iringa. Nyumba yake ilijengwa na marehemu baba mkubwa kwa matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, kisha kwa nje mistari ikachapiwa saruji. Ilikaa miaka mingi hivyo hivyo, nyekundu, haidai kitu. Binti yake alipokaribia kuolewa ndipo mimi, mjuzi wa ukoo, nikashauri ipakwe rangi kabla wageni hawajaja. Dukani tukaambiwa ipo rangi ya nje isiyopitisha hata tone. Nikaona hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Tukapaka mikono miwili, harusi ikafana, picha zikatoka nzuri.

Mvua za msimu wa kwanza zilipita salama. Za msimu wa pili zikaacha malengelenge usawa wa goti, upande wa jikoni. Nilitoboa moja kwa kidole, likatoa maji. Nyuma yake uso wa tofali ulikuwa umegeuka unga mwekundu laini kama pilipili ya kusaga. Nikamwita mzee mmoja mwashi, naye akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, naomba radhi kwa akina mama mliomo humu, "Mwanangu, nyumba hainywi tu, na kukojoa inakojoa. Ninyi mmeiziba."

Tuanzie hapo. Maji huingia ukutani kwa njia nyingi kuliko mvua. Hupanda kutoka ardhini pale ambapo msingi haukuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu, na nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa. Huingia kwenye ufa mwembamba wa mstari uliochapiwa, chini ya kizingiti cha dirisha, na penye bomba linalotoa tone moja moja. Hutoka hata ndani ya nyumba, kwenye sufuria, bafu na pumzi za watu. Rangi ya nje inazuia njia moja tu ya kuingilia, lakini inaziba ile moja kubwa ya kutokea.

Maji hayasafiri peke yake, yamebeba chumvi. Kuna chumvi ya ardhini, ya kwenye saruji, ya majivu yaliyochanganyika na udongo tanurini. Uso wa tofali ukiwa wazi, maji hukauka nje na chumvi huchanua juu kama maua meupe. Watu huyaita fangasi na kukimbilia dawa, kumbe ni ya kufagia kwa brashi kavu, basi. Uso ukifungwa, chumvi hiyohiyo huganda nyuma ya rangi, ndani ya vitundu vya tofali, na chembe zake zinapokua husukuma. Zinasukuma kwa nguvu ya kuubandua uso wa tofali kipande kwa kipande. Wenzetu wa nchi za baridi wana adui wa pili, barafu. Maji yakiganda huvimba kama sehemu 9 kwa 100, na tofali lililofungiwa maji hupasuka. Huko Marekani Ikulu yao ilipakwa chokaa mwaka 1798, ingali inajengwa, kuyakinga mawe yake ya mchanga yenye vitundu, na desturi ya weupe ikaanzia hapo.

Sasa neno. Siku hizi makopo yameandikwa "rangi inayopumua", nami neno hilo silipendi, ingawa nitalitumia kwa kukosa jingine. Ukuta hauna mapafu. Kinachopita ni mvuke wa maji, na upitaji huo unapimika. Wazungu huuliza hivi: koti hili la rangi linauzuia mvuke sawa na tabaka la hewa tulivu lenye unene gani? Kwa vipimo vya Ulaya, koti lililo sawa na hewa ya chini ya mita 0.14 ni la daraja la juu la kupitisha mvuke. Likizidi mita 1.4 ni la daraja la chini. Chokaa na silikati huwa ndani ya daraja la juu, tena mbali na mpaka. Kwa hiyo muuzaji akikuambia rangi yake inapumua, mwombe namba. Akikosa namba, hilo nalo ni jibu.

Hapo kuna jina lililotudanganya sote. Emalshani tunaiita rangi ya maji, kwa kuwa tunaizimua kwa maji na kuoshea brashi kwa maji. Lakini maji yale yakishakauka, kinachobaki ukutani ni plastiki. Vanishi inayopakwa kwenye matofali ili yang'ae ni ndugu yake, tena ndugu mbaya zaidi, maana haionekani na mtu hudhani tofali liko uchi.

Kabla sijaingia kwenye chokaa, niwapeleke Unguja. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, nene kiasi kwamba mtoto hukaa dirishani kama barazani. Unyevu ulipanda kutoka ardhini tangu siku ya kwanza, na waashi wale walijua. Walipiga lipu ya chokaa, wakapaka chokaa juu yake, na unyevu ukatoka kwa njia uliyoingilia. Waliichoma chokaa yao kwenye tanuu, matumbawe juu ya magogo, kisha wakaizimisha na kuilaza. Mjini Kilwa jengo la Husuni Kubwa, la karne ya 14, lilijengwa kwa chokaa ya aina hiyo. Kisha saruji ikawa rahisi. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, na fundi anayeweza kupata mfuko unaokauka kesho ataanzia wapi kungoja chokaa? Nyumba za Mji Mkongwe zikaanza kuzibwa viraka vya saruji na kupakwa plastiki. Unyevu uliokuwa ukitokea usawa wa goti ukapanda kutafuta pa kutokea, ukafika usawa wa kifua, na zaidi ya hapo ukazikuta ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani, zikaoza. Mji huo uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na wanaoutunza wamekuwa wakibandua saruji ya baba zao ili kurudisha chokaa ya babu zao.

Mtaniambia, hayo ni mawe ya pwani, sisi tuna matofali ya bara. Kweli. Ila maji ni yaleyale, na chokaa haiko pwani peke yake. Songwe, jirani na Mbeya, kuna mawe ya chokaa na watu wanaoyachoma.

Chokaa ni kitu cha ajabu, na vijana niwaombe muandike. Chukua jiwe safi la chokaa kilo 100. Lichome hadi nyuzi 900 hivi. Litatoa hewa ya kaboni kilo 44, na tanurini utatoa kilo 56 za chokaa mbichi, nyepesi, yenye hasira. Ipe maji kilo 18, itachemka yenyewe na kuwa kilo 74 za chokaa iliyozimika. Ipake ukutani. Kidogo kidogo itavuta hewani kaboni ileile iliyoipoteza, iteme maji yake, irudi kilo 100 za jiwe. Umelifanya jiwe kuwa unga, ukalipaka kwa brashi, likawa jiwe tena, ukuta umevaa ngozi ya mawe yenye vitundu. Ndiyo maana mvuke unapita. Rangi ya plastiki ni ngozi iliyobandikwa, chokaa ni ngozi iliyoota.

Sasa, kosa la kwanza hufanyika dukani. Mifuko iliyoandikwa chokaa haifanani. Chokaa ya shambani na ya chakula cha kuku ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa, haliwezi kuganda. Ukilipaka litakupaka na wewe kila ukiegemea. Hata chokaa ya ujenzi ikikaa ghalani mfuko ukiwa umetoboka, huvuta hewa na kuzeeka kabla hujaifikia. Jaribio ni rahisi. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi, mwagia siki. Ikitoa povu jingi, hiyo imekwisha kuwa jiwe, mrudishie mwenyewe. Iliyo hai hutoa povu kidogo sana.

Ukiipata iliyo hai, iloweke. Maji yaifunike juu kwa kina cha vidole vinne, isikutane na hewa, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika kama siagi. Miezi mitatu ni afadhali kuliko wiki tatu. Anayezimisha chokaa mbichi mwenyewe avae miwani na glavu, na chokaa ndiyo iongezwe kwenye maji, si maji kumwagwa juu ya chokaa. Inachemka na kuruka, na tone lake jichoni ni msiba.

Kupaka nako kuna adabu yake. Izimue hadi iwe kama maziwa, si kama uji. Hapa ndipo mafundi rangi tunapogombana, kwa sababu mkono umezoea kopo zito na jicho linataka weupe leo leo. Chokaa ikipakwa hivyo inavyostahili, mkono wa kwanza huonekana kama umepaka maji machafu. Weupe huja kesho. Ukikosa subira ukapaka nzito, itapasuka kama matope ya dimbwi lililokauka na kubanduka. Ulowanishe ukuta kwanza, maana tofali kavu litainyonya chokaa maji yake kabla haijashika. Paka mikono mitatu, minne, hata mitano, kila mmoja upumzike usiku mzima, kisha lowanisha tena kwa ukungu wa maji kabla ya unaofuata. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri mashariki. Kwa mikoa yetu ya nyanda za juu wakati wake ni mwezi wa tano, mvua zimekwisha, jua halijawa kali, na ukuta bado una baridi. Ukingoja mpaka Septemba, upepo mkavu utakukaushia kazi brashi ikiwa hewani.

Wapo wanaotia chumvi ya jikoni kwenye chokaa ili ishike unyevu na isitoe vumbi. Nimewahi kufanya hivyo mimi mwenyewe kwa kufuata wakubwa. Siwashauri. Tumetoka sasa hivi kueleza chumvi inavyoubandua uso wa tofali, halafu tuinunue tuitie ndani? Wengine hutia mafuta ya mnyama ili mvua iteleze. Hayo kwa ukuta unaopigwa sana na mvua yana faida, lakini kila tone la mafuta linaziba kitundu kimoja, basi yawe machache. Kwa rangi, tumia udongo wa rangi au oksidi, ile nyekundu, njano au nyeusi, isizidi kilo moja kwa kila kilo kumi za chokaa. Chokaa ni kali, rangi za vitambaa na za vyakula huifia ndani ya wiki.

Tulitoe tofali letu. Nani anasoma mizani? Kilo 3 na gramu 600. Zaidi ya nusu lita ya maji imeingia, na sisi hata hatujamaliza mazungumzo. Sasa hesabuni ninyi wenyewe ukuta wa matofali elfu moja.

Niseme na silikati, kwa ufupi, maana wengi wenu mtaisikia kwa wachoraji ramani. Ni rangi ambayo gundi yake ni silikati ya potasiamu, kimiminika kama kioo kilichoyeyushwa. Adolf Wilhelm Keim alipata hataza yake huko Bavaria mwaka 1878. Haikai juu ya tofali kama koti, hushikana na chembe za madini zilizomo humo, ikawa kitu kimoja nalo. Inapitisha mvuke kama chokaa, inadumu zaidi sana, na rangi zake hazipauki kwa jua kwa kuwa zote ni za madini. Kwa nini basi nisiwaambie mpake silikati mlale? Kwanza haina toba. Chokaa ukiichoka utaikwangua, silikati ukiikosea umeikosea kwa umri wa nyumba. Pili, itie tone kwenye kioo cha dirisha na itakitafuna, kwa hiyo vioo na vigae vifunikwe. Tatu, haishiki juu ya plastiki. Nne, bei, na mara nyingi utaiagiza. Tena kuna silikati za kuchanganya na plastiki. Kanuni ya Wajerumani, DIN 18363, hairuhusu vitu vya namna hiyo kupita asilimia 5 ya uzito. Kopo lisilosema kiasi hicho, liacheni rafuni. Kwa nyumba ya kawaida ya huku kwetu mimi nachagua chokaa, na anayetaka kubishana nami tutabishana wakati wa chai.

Lakini kuna jibu la tatu ambalo hakuna muuzaji atakayekupa: usipake kitu. Ukiyagonga matofali mawili yakalia kama kengele, na kucha haiukwangui uso wake, hayo yameiva, yaacheni. Mjini Blantyre, Malawi, kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lililojengwa kati ya 1888 na 1891 kwa matofali yaliyochomwa hapo hapo, chini ya mmisionari David Clement Scott ambaye hakusomea ubunifu wa majengo. Linasimama na wekundu wake hadi leo. Tofali la kupaka ni lile lililochomwa pembezoni mwa tanuri, linalolia kama kopo lililopasuka. Hilo lina njaa ya ngozi, na ngozi hiyo iwe laini kuliko lenyewe, ili kama ni kuchakaa, ichakae chokaa. Chokaa inarudishwa kwa ndoo na brashi baada ya miaka michache. Uso wa tofali haurudi.

Na niwaonye juu ya hizi nyumba za kontemporari, za paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Zinapendeza kwenye simu. Babu zetu walitoa paa nje hatua nzima, wala hawakuwa washamba. Walikuwa wanaipeleka mvua mbali na ukuta. Nyumba isiyo na upenu inalowa kutoka kichwani hadi miguuni, kisha mwenyewe ananiuliza apake nini. Huyo kwanza nampeleka kwa fundi bati, afunge gata, achimbe na mfereji ili matone yasiruke kutoka ardhini kurudi ukutani. Mambo ya brashi tutaongea baadaye.

Mmoja wenu ameniuliza mlangoni: je, aliyekwisha kupaka plastiki? Asipake chokaa juu yake, haitashika hata msimu mmoja. Atoe plastiki kwanza. Kwa Kihesa tulitumia dawa ya kulainishia rangi, maji ya moto na vikwanguo vya mbao. Brashi ya waya na msasa wa mashine nilivikataza, kwa kuwa uso wa tofali ulioungua ndio mgumu wake, ukiukwangua umelichuna. Ile saruji ya kwenye mistari tuliichokoa ilipokuwa imelegea, tukajaza chokaa na mchanga, maana mstari mgumu kuliko tofali hulazimisha maji yatokee kwenye tofali. Kisha tukauacha ukuta uchi tangu Juni mpaka mwezi wa tano uliofuata, ukauke. Mama mkubwa alinuna mwaka mzima. Aliniambia nyumba yake imekuwa kama mzee aliyevuliwa shati sokoni.

Tulipaka mikono minne. Baada ya wiki mbili akanipigia simu usiku, amekasirika. Imenyesha mvua isiyo ya msimu, rangi yote imeyeyuka, matofali yanaonekana, njoo uone ulichonifanyia. Nikamwomba alale. Chokaa ikilowa huwa angavu, jicho hupenya hadi kwenye tofali, na wala haijaenda popote. Saa nne asubuhi akapiga tena. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani tangu alfajiri, akiutazama ukuta ukirudi mweupe, tofali kwa tofali, kuanzia juu.